Kishingo wa Bibi Lucia

Jeska hali kuku. Anawafuga, anawauza, anawapa maji ya shubiri wakizubaa, na anaweza kukuambia yupi bandani mwake ni mchokozi na yupi ni mwoga, lakini nyama yao haijapita kinywani mwake miaka mingi sasa. Pale kilimani kwao Bugendana watu wamelisema jambo hilo mpaka wamechoka. Wapo waliodhani ni sharti la kanisa fulani alilokuja nalo kutoka Tanzania. Wapo waliosema ni ubahili tu, kwamba akimtazama kuku anaona sabuni na chumvi. Mumewe Elikana, ambaye mzaha haumwishi, huwaambia wageni kwamba mkewe aliolewa zamani na jogoo, yeye ni mpangaji. Jeska hucheka pamoja nao, kisha hujitafutia kazi ya kufanya uani.

Sababu ni Bibi Lucia, na mambo yote yalianza kwa neno moja.

Jeska alikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, ambako watoto walicheza, walisoma na kutukanana kwa Kiswahili. Kirundi alikijua kwa masikio: kile cha mama yake akigombeza, kile cha wazee wakisali. Aliporudi Burundi na Elikana na watoto wao, wakaja kukaa kwenye kipande cha shamba la baba mkwe, alijikuta mgeni katika nchi aliyoambiwa tangu utotoni kuwa ni kwao. Akifungua mdomo sokoni, watu waligeuka. Akiuliza bei ya maharage kwa Kirundi walimjibu kwa Kiswahili kabla hajamaliza, tena kwa wema kabisa, na wema huo ulimuuma. Basi akajizoesha kuitikia kwa kichwa hata pale alipoelewa nusu. Nusu nyingine aliijaza mwenyewe.

Aliyemvumilia bila kumcheka ni jirani yake, mjane aliyeitwa Lucia. Migomba yao ilikuwa imeshikana mpakani, na hakuna aliyejali ndizi ya nani imeangukia wapi. Bibi Lucia alikuwa na Kiswahili kidogo, kile alichokiokota Muyinga enzi za ujana wake alipokuwa akifuata vitenge mpakani. Kati yao wawili walikuwa na lugha moja na nusu, na iliwatosha. Yeye alimwita Jeska Mama Thomas, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jioni nyingi walikaa pamoja wakichambua maharage.

Bibi Lucia alikuwa na binti mmoja tu, Anisia, aliyeolewa huko huko Muyinga. Anisia alipokuja kumsalimia mama yake mara ya mwisho, alimletea kuku jike wa kishingo, aina ile isiyoota manyoya shingoni, mwekundu, mbaya wa sura na mwenye maringo. Bibi Lucia alimpenda kuku yule kupita kiasi. Alimlaza ndani, akamsemesha asubuhi kama mtu, na ukimtania alisema huyo ndiye mjukuu wake wa kwanza, mwingine yuko njiani.

Mjukuu alifika kweli, lakini habari zilizokuja naye hazikuwa njema. Mtoto alikuwa mzima, mama hakuinuka kitandani. Asubuhi moja Bibi Lucia alitokea uani kwa Jeska amejifunga kitenge cha safari, kuku wa kishingo kwapani. Pikipiki ilikuwa inamngoja chini barabarani. Akamsogezea kuku na kusema harakaharaka, macho yakiwa njiani:

"Ndakuragije inkoko yanje, Mama Thomas."

Inkoko, kuku, hilo Jeska alilijua. Lile neno la mbele alilipokea kwa sikio la Kiswahili. Kuragiza, kuagiza: si yale yale? Bibi kaniagizia kuku, alisema moyoni. Kaona watoto wangu walivyokonda, akaona asiondoke bila kutuachia kitu. Akampokea kuku kwa mikono miwili, akakunja goti kama alivyolelewa, akashukuru na kushukuru. Bibi Lucia alimtazama kidogo kwa mshangao, maana mtu aliyepewa kazi kwa kawaida hashukuru namna ile. Lakini pikipiki ilikuwa inanguruma, na binti yake alikuwa anakufa. Akaenda.

Jeska alikuwa na kuku wachache wakati ule, wa kuokotaokota, na hakujua lolote juu yao zaidi ya kuwatupia pumba. Kishingo alipoingia bandani, wenzake walimshukia wote kwa pamoja, wakamdonoa kichwa mpaka damu. Jeska aliwafukuza kwa ufagio, wakarudi. Baada ya siku kadhaa vita vilikwisha vyenyewe, na mgeni akajulikana nafasi yake: anywe maji baada ya nani, alale ubavuni mwa nani. Elikana alisema hata kuku wana kamati ya kupokea waliorudi kutoka Tanzania. Jeska alicheka mpaka akakaa chini.

Kishingo alitaga vizuri. Jeska alifuata makelele yake asubuhi na hakukuta kitu, mpaka alipogundua kwamba kuku huyo alitaga kimya kimya kwenye majani ya migomba, akasogea mbali, na huko ndiko alikopigia kelele, kana kwamba alitaka mwizi apotee njia. Mayai mengine watoto walikula. Mengine Jeska aliyaweka kwenye kikapu, na koo wake mweusi alipoanza kulalia asitoke, akamwekea yote chini yake, ya kishingo na ya wengine, ya zamani na ya juzi. Alidhani yatatotolewa moja moja, kama yalivyotagwa.

Kisha ikaja habari kwamba Anisia amefariki, na amezikwa kule kule kwa mumewe.

Bibi Lucia alirudi kilimani peke yake, miguu imevimba. Matanga yalikuwa yamekwisha huko Muyinga. Huku Bugendana hakukuwa na jeneza, hakukuwa na kaburi, na watu wakampa pole njiani wakiwa na majembe begani. Jeska hilo lilimchoma. Kule alikokulia, mfiwa hapiki, na jirani haendi mikono mitupu. Akatazama alichonacho. Kuku wake wote walikuwa mifupa, isipokuwa yule mweusi aliyelalia mayai na yule kishingo aliyenona. Alichagua kilicho bora, maana kwa msiba kama ule aliona haya kupeleka kilichobaki.

Elikana alichinja, Jeska akanyonyoa. Alipompasua alikuta tumboni viini vya mayai vimepangana, kikubwa cha kutagwa kesho yake, kinachofuata kidogo, kinachofuata kidogo zaidi, mpaka vile vya mwisho vilivyokuwa kama punje za mtama. Hakuwahi kujua kwamba kuku hutembea na siku zake zote zijazo tumboni namna hiyo. Moyo wake ulisita. Kisha akajiambia kwamba zawadi isiyouma si zawadi, akaweka sufuria jikoni.

Alimkuta Bibi Lucia amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akamfunulia sufuria. Bibi Lucia aliinama, akatazama mle ndani muda mrefu, mvuke ukimpiga usoni. Jeska akampakulia. Akala. Alikula polepole mwanzoni, kisha kwa haraka, akanywa mchuzi, akaguguna hata miguu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Jeska naye alilia, akijua kinacholiliwa ni Anisia. Alirudi kwake jioni ile akiwa na huzuni, na pia, tuseme ukweli, akiwa na furaha kidogo ndani yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka alijiona amefanya jambo la mwenyeji.

Haikupita miezi mingi, mkwe wa Bibi Lucia akatuma mtu kumwita aende kumlea mtoto. Akafunga mlango wake na kuhamia Muyinga. Waliagana vizuri. Juu ya kuku hakusema neno, na Jeska hakuwa na sababu ya kuuliza.

Aliyemfumbua macho ni Venansi, mzee wa nyumba ya juu, mtu mpole aliyependa kueleza mambo. Alikuja na mbuzi jike kamba mkononi akasema anataka kumragiza kwa Jeska, kwani yeye miguu imemchosha. Jeska, ambaye sasa alikuwa na aibu kidogo ya kupewa pewa vitu, alimwambia kwamba zawadi hiyo ni kubwa mno. Venansi akacheka mpaka akashika mti. Akamweleza taratibu, kwa Kirundi chepesi, kama mtu anayemfundisha mtoto: kuragiza si kutoa. Mnyama ni wangu, wewe unanitunzia, akizaa tunagawana, nikimhitaji unanirudishia. Hivyo ndivyo watu wanavyoaminiana hapa. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba Jeska si alishaijua desturi hiyo? Si ndivyo Lucia alivyomwachia kuku wa marehemu Anisia, yule ambaye bahati mbaya alichukuliwa na mwewe?

"Nani kasema mwewe?" Jeska aliuliza.

"Lucia mwenyewe," Venansi alijibu. "Alisema ulilia sana."

Jeska alimpokea yule mbuzi kwa sababu mikono yake haikujua la kufanya lingine. Venansi alipoondoka alikwenda nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta. Alikuwa amemchinja kuku wa mtoto aliyekufa, akamkaanga kwa kitunguu, akampelekea mama yake amle. Na yule mama, badala ya kupiga yowe kilima kizima kikasikia, alikuwa amemsitiri kwa uongo. Elikana alipoelezwa hakufanya mzaha. Alisema kosa ni la neno, Mungu anajua. Jeska alimjibu kwamba Mungu anaelewa Kirundi, yeye ndiye aliyejifanya anaelewa.

Tangu siku ile hakula tena kuku, na akawa hana haja nyingine duniani ila moja: amrudishie Bibi Lucia kishingo wake. Si kuku yeyote. Damu ile ile.

Damu hiyo ilikuwapo. Yale mayai aliyoyaweka chini ya koo mweusi yalikuwa yametotolewa muda mfupi baada ya ule msiba, yote siku moja, ya zamani na mapya, kwa sababu yai hukaa tu, halianzi safari mpaka lipate joto. Jeska aliwahi kuinama karibu na kiota siku moja kabla, akasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda, na mama yao akiwajibu kwa sauti ya chini, kwa hiyo wanamjua kabla hawajamwona. Wakati ule aliliona ni jambo la kufurahisha. Sasa alilikumbuka akamfikiria yule mtoto wa Muyinga, aliyemsikia mama yake miezi yote ile na kisha asimsikie tena.

Kati ya vifaranga wale, wawili walikuwa na shingo tupu. Mmoja alichukuliwa na mwewe, mwewe wa kweli safari hii, Jeska akigonga debe na kumkimbiza bure. Wa pili alikua, Jeska akimtazama kila asubuhi, akimwombea awe mtetea. Akaota upanga kichwani. Akawika. Alikuwa jogoo, tena jogoo mwongo: alizoea kuita majike kwa ile sauti ya kusema njooni kuna chakula, wakaja mbio, wakamkuta hana hata punje, ana haja zake nyingine. Jeska alimchukia na kumpenda. Alijifariji kwamba jogoo naye hubeba damu, binti yake anaweza kuzaliwa na shingo ya nyanya yake.

Kisha kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikapita kilimani. Kinapita kila mwaka wakati wa kiangazi, lakini mwaka ule kilipita na nyumba nyingi. Kuku walisimama wamepinda shingo, wakazunguka, wakaanguka. Jogoo wa kishingo alikufa mapema. Jeska alimzika badala ya kumtupa, akakaa juu ya jiwe, akalia mchana kweupe bila kujali nani anapita. Alijua sasa kwamba ameimaliza damu ile kwa mikono yake, na kwamba Bibi Lucia atakufa siku moja bila kurudishiwa kitu.

Majike wawili walisalimika. Mmoja aliendelea kutaga kana kwamba hakuna kilichotokea, na baada ya muda akalalia. Jeska alimwachia mayai kwa kukosa moyo wa kumwondoa, ingawa alikuwa na hakika ni bure, maana jogoo hakuwapo tena kilimani, yule wake alikuwa ardhini tayari. Vifaranga walitoka. Wengi wao walikuwa wa kawaida, na mmoja alikuwa na shingo nyekundu, tupu, nyembamba. Jeska alimwita Venansi aje aone, akidhani ni muujiza. Venansi alimwambia si muujiza, jike huiweka mbegu ya jogoo ndani mwake majuma kadhaa na kuendelea kuitumia, hata kama jogoo mwenyewe ameshaoza. Jeska alikaa akilitafakari jambo hilo, kwamba mtu anaweza kuwa amekufa na bado watoto wake hawajaanza. Safari hii alikuwa mtetea.

Alimlea kuku yule ndani ya nyumba, kama Bibi Lucia alivyomlea nyanya yake. Alimdondoshea machoni matone ya chanjo ya kideri msimu ulipofika. Na mambo yote anayoyajua leo juu ya kuku, yale yanayowafanya watu wa Mutoyi na hata wa mjini waje kumuuliza, aliyajua kwa kumkodolea macho kiumbe mmoja akiogopa asife.

Alipopata hakika kwamba kuku amekomaa, akamtafuta Bibi Lucia. Mwanamke wa Nyamugari aitwaye Pili, anayenunua kuku Muyinga na kuwauza soko la Gitega, ndiye aliyemjua. "Ule mama iko, lakini iko vraiment muzee sana," Pili alimwambia. "Nenda mapema." Jeska hakungoja. Alimweka kuku kwenye kikapu chenye mfuniko, akashuka Gitega, akapanda gari la Muyinga, na njia nzima alikuwa akirudia midomoni maneno ya Kirundi aliyoyapanga, ili safari hii asikosee hata moja.

Alimkuta Bibi Lucia nyuma ya nyumba ya mkwe wake, kwenye mkeka, anapepeta mtama. Alikuwa amekuwa mdogo, macho yameingia ukungu. Kasichana kalichokuwa kakicheza na vigae karibu naye kaliinuka kakakimbilia ndani kwa aibu. Jeska alimtambua Anisia kwenye kile kisogo.

Walisalimiana kwa kushikana muda mrefu. Kisha Jeska akafungua kikapu, akamweka kuku mapajani mwa yule mama, akasema yote. Neno alilolisikia vibaya. Sufuria. Venansi na mbuzi wake. Jogoo aliyekufa na binti aliyezaliwa baada yake. Kirundi chake kilimwishia katikati, akamalizia kwa Kiswahili, akiomba msamaha kwa lugha zote mbili.

Bibi Lucia alikuwa akimpapasa kuku. Alipitisha mkono shingoni, akatabasamu kidogo. Akashuka miguuni, akashika vidole kimoja kimoja.

"Hii iko na vidole vyote," alisema. "Ile ya Anisia kidole moja ilikuwa nusu. Anisia alifungia mulango juu yake ikiwa kitoto, akalia siku nzima. Njo maana alinipa mi, aliona haya ya kuiuza."

Jeska hakuelewa kwanza. Kisha akakumbuka miguu ndani ya ile sufuria.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua tangu umefungua. Kidole ilikuwa pale juu."

"Na ukanisitiri. Ukasema mwewe."

Bibi Lucia alitikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mguu wa kuku.

"Si we nilikuwa nasitiri, Mama Thomas. Tangu Anisia anakufa chakula ilinikatala. Kila kitu ilikuwa udongo mu kinywa. We ukafungua ile sufuria, nikaona kidole ya kuku ya mtoto yangu, nikasema nitakula kidogo, jirani asione haya. Na ikawa tamu." Sauti yake ilipungua. "Ilikuwa tamu sana. Nilikula yote. Mtoto yangu iko chini, na mi nalamba vidole. Hiyo sijaambia mutu. Hata padiri."

Miaka yote ile Jeska alikuwa amebeba shibe ya yule mama kama dhambi yake, na yule mama alikuwa ameibeba vile vile, huku Muyinga, peke yake. Jeska alisogea kwenye mkeka, akamshika mkono, na wanawake wawili wakalia, kila mmoja kwa kosa ambalo mwenzake hakuwahi kumhesabia.